Kituo cha Kumi na Tatu

Fundi Viti aliwajua watu kwa jinsi walivyokaa. Akikuona umeketi mara moja tu, ameshajua kama unaegemea kushoto, kama mgongo unakusumbua, au kama wewe ni mtu wa kuhamisha makalio kila baada ya dakika tano. Miaka ishirini na miwili alikuwa akishona viti vya pikipiki katika chumba kimoja cha bati nyuma ya duka la vipuri, na mjini pale ilikuwa vigumu kumpata mwendesha pikipiki ambaye hajawahi kukalia kazi ya mikono yake. Chumbani mlijaa vipande vya sponji mpaka darini. Mabunda ya ngozi ya plastiki yalisimamishwa ukutani kama watu kwenye foleni. Palikuwa na cherehani ya kukanyaga, na shazia, ile sindano nene ya kushonea magunia, ambayo aliichomeka kwenye kilemba chake akaisahau, kisha akaitafuta kutwa nzima huku wateja wakiitazama wasiseme kitu.

Alikuwa na miaka arobaini na tisa, mfupi, mpana wa mabega, na mdomo usio na breki. Mume wake alikuwa kinyozi mtaa wa pili, mtu mpole, na alizoea kuwaambia wateja wake kwamba nyumbani kwake yeye ndiye anayeshika wembe lakini anayekata ni mkewe.

Alizaliwa pacha. Kaka yake alimtangulia kwa dakika saba, na kwa dakika hizo saba akajipa ukubwa wa maisha yote. Kaka huyo alikuwa fundi wa matairi ya malori, mtu wa vichekesho, mwenye besi ambayo kwaya nzima iliiegemea. Ndiye aliyemfundisha dada yake pikipiki kwenye uwanja wa mpira wa shule, akikimbia kando yake ameshika nyuma ya kiti, mpaka siku aliyoachia bila kumwambia na dada akazunguka goli mara mbili akiongea peke yake. Na tusipindishe maneno: alikuwa mlevi. Kanisa lilimtenga mara mbili, na mara mbili alirudi, akapokelewa, akasimama tena nyuma kwenye safu ya besi. Mara ya tatu hawakuwahi kumtenga. Jumamosi moja mchana alitoka harusini amelewa, akapanda pikipiki yake nyekundu, na kwenye kona iliyo karibu na mizani ya malori akatoka nje ya lami. Alimgonga mwanamke aliyekuwa akitembea pembeni, halafu akagonga nguzo ya zege. Alikufa palepale. Mwanamke alipelekwa hospitali, na baadaye nyumbani kwao wakasikia kwamba hakufa. Basi. Zaidi ya hapo hawakusikia, na hawakuuliza.

Ilikuwa imepita miaka tisa.

Miaka miwili baada ya msiba ule, waendesha pikipiki wa makanisa ya mji waliungana wakaanzisha kikundi, wakakiita Msafara wa Sala. Kila mwaka walisafiri siku nne, kilomita elfu moja na zaidi kidogo, pikipiki ishirini na kitu kwa mstari. Walisimama mahali ambapo watu walikufa barabarani, wakavua kofia, wakaomba, wakafunga kitambaa cheupe kwenye nguzo au mti wa karibu, wakaendelea. Walipoanza walipanga wanawake wakae kwenye gari la mizigo pamoja na sufuria. Fundi Viti aliwaambia hakuna neno, ila kabla hawajaondoka kila mmoja amrudishie kiti chake. Mwaka huo alikwenda kwa pikipiki, na vizibao vya kikundi, vyenye msalaba mgongoni na gurudumu chini ya msalaba, alivishona yeye.

Ratiba ilikuwa na vituo kumi na viwili. Kona ya mizani ilikuwa kati ya kituo cha saba na cha nane, na haikuwa kituo. Kila mwaka aliuliza, na kila mwaka aliambiwa mwakani. Naye, kwa mdomo wake wote ule, kila mwaka alinyamaza, akapita pale meno yameumana ndani ya kofia.

Mama yake ndiye aliyemwondolea kunyamaza. Mama alikuwa na miaka themanini na mmoja, macho yamefifia, na aliishi nao katika chumba cha mbele kwa sababu alipenda kusikia watu wanaopita. Asubuhi moja, wiki tatu kabla ya safari, binti alikuwa amepiga magoti akimkata kucha za miguu. Mama akamuuliza kama safari hii pia watapita pale.

"Tutapita, mama."

"Mnasimama?"

"Hatusimami."

Ukucha mmoja ukaisha, mwingine ukaanza. Kisha mama akauliza huwa wanapita kwa mwendo gani.

"Kama themanini hivi."

"Kwa hiyo mwanangu anapitwa kwa themanini," mama akasema, akautoa mguu wake mikononi mwa binti yake, akauvalisha kandambili mwenyewe. Mguu wa pili ukabaki na kucha zake.

Jumapili ile, baada ya ibada, kikundi kilikutana katika ukumbi wa kanisa. Mwenyekiti alikuwa mpima macho kwa kazi, mwenye duka la miwani, mtu wa kola iliyonyooka na maneno yaliyopimwa. Hakuwa mtu mbaya. Yeye ndiye aliyekuwa akilala wa mwisho safarini, baada ya kuhakikisha kila mtu ana godoro. Lakini Fundi Viti aliposimama na kutaja kona ya mizani, uso wa mtu yule ulifungwa kama duka. Alieleza kwamba ratiba ilikwisha kupelekwa polisi, kwamba kona ile ni mbaya kwa kusimamisha pikipiki ishirini na tatu, na kwamba, kwa heshima zote kwa marehemu, vituo ni vya watu waliogongwa, si vya mtu ambaye. Hapo akaishia.

"Aliyegonga," Fundi Viti akamalizia. "Sema tu, Mwenyekiti."

"Sikusema hivyo."

"Ndiyo maana nimekusaidia."

Mwenyekiti akauliza, kwa sauti ya chini, wakisimama pale watawaambia nini vijana waliojiunga mwaka huu.

"Tutawaambia alikuwa amelewa, akafa, na tunamwombea. Ni sentensi moja. Haimshindi mtu."

Walipiga kura kwa mikono, ikanyooka mitatu, mmoja wao wake mwenyewe. Hapo ndipo aliposema kwamba basi yeye atasimama peke yake. Mwenyekiti akamkumbusha kanuni: anayetoka kwenye mstari bila ruhusa amejitoa kwenye kikundi. Fundi Viti akamwambia aiandike hiyo pia kwenye ratiba, chini ya kituo cha saba, ili watu wa polisi wasishangae.

Njiani kuelekea nyumbani mume wake, aliyekuwa amesikiliza yote mlangoni mwa ukumbi, hakusema kitu mpaka walipofika mlangoni. Akasema ataangalia mnyororo wa pikipiki, maana aliona umelegea. Kwa kinyozi yule, hiyo ilikuwa hotuba.

Waliondoka Alhamisi asubuhi, umande bado upo kwenye viti. Mwenyekiti alitangulia na bendera ndogo nyuma ya pikipiki yake. Gari la mizigo lilikwisha tangulia malazini, na nyuma ya wote alikuja Mkia. Ndivyo walivyomwita yule wa mwisho, na Mkia wa miaka yote alikuwa muuza nyama mmoja, jitu la watu, ambaye Fundi Viti alikuwa amemshonea kiti mara tatu na mara tatu kikabonyea. Kazi ya Mkia ilikuwa moja: mtu yeyote akisimama, kwa pancha, kwa haja, kwa ugonjwa, Mkia anasimama naye. Hakuna anayebaki nyuma ya Mkia.

Siku ya kwanza ilikuwa ya vumbi na vituo vitano. Kwenye kituo cha pili palikuwa na daraja ambako basi la wanafunzi lilitumbukia. Mlinzi wa daraja aliwaambia kwamba bado anaokota vifungo vya sare mto unapokauka. Fundi Viti alilia pale kama alivyolia kila mwaka. Alikuwa hana ugomvi na sala zile. Aliwaombea watu asiowajua kwa moyo wote, akawafungia kitambaa, akapanda pikipiki. Kilichomkaba ni kwamba angeweza kumwombea mtoto wa kila mtu isipokuwa wa mama yake.

Walilala kwenye madarasa ya shule fulani, na siku ya pili wakafanya kituo cha sita, na cha saba saa nane mchana. Kutoka hapo mpaka mizani ni kilomita ishirini. Alizihesabu. Akajikuta anaimba besi ya kaka yake, sauti ambayo koo lake halikuweza kuifikia, akaiimba hivyohivyo. Malori yalianza kuonekana yamepanga mstari kusubiri kupimwa. Kisha kona. Bendera ya Mwenyekiti ikaipinda, ikapotea. Pikipiki za mbele zikaipinda mbilimbili. Fundi Viti akawasha taa ya kushoto, akapunguza gia, akatoka nje ya lami polepole, akasimama kwenye changarawe, akazima.

Waliokuwa nyuma yake wakampita. Mmoja alipiga honi, sijui ya kumuaga au ya kumkanya. Halafu kukawa kimya, ikasikika ngurumo ya pikipiki moja tu, ikasimama nyuma yake.

"Dada, pikipiki ina nini?" muuza nyama akauliza.

"Haina kitu."

"Sasa tumesimamia nini?"

"Nimesimama mimi. Wewe sijui."

Muuza nyama akavua kofia, akatazama kona, akatazama nguzo, akaelewa. Akavua na glavu, kidole kimoja kimoja, taratibu.

"Mkia haachi mtu nyuma," akasema. "Kanuni ya nne. Mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyeiandika."

Simu yake ikalia. Alisikiliza kidogo, akajibu kwamba ndiyo, wamesimama. Hapana, si pancha. Hapana, hakuna aliyeumia. Akasikiliza tena. "Sala," akasema, akakata.

Mahali penyewe palikuwa mahali tu. Nguzo ya zamani ilishaondolewa ikawekwa nyingine, nyembamba. Kulikuwa na mtaro, majani, chupa tupu, na hatua kama thelathini kutoka hapo kibanda cha mbao kinachouza sabuni, viberiti na vocha za simu. Fundi Viti alikuwa amejiandaa kwa miaka saba kusimama pale, na sasa hakujua aelekee upande gani. Akatoa kitambaa cheupe mfukoni, akaanza kukifunga kwenye nguzo.

"Hapo mnamfungia nani?"

Mwanamke wa kibanda alikuwa amewageukia. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, wa makamo, miwani imening'inia kifuani. Aliketi kwa paja la kulia peke yake, mguu wa kushoto ameunyoosha mbele kama kitu cha mtu mwingine alichoombwa amtunzie. Fundi Viti akauona mkao ule, na kabla hajajibu alikwisha kujua. Hiyo ni nyonga, akajisemea. Na nyonga ile ni yetu.

"Kaka yangu," akajibu. "Alifia hapa. Miaka tisa sasa."

"Yule wa pikipiki nyekundu."

"Ndiye."

Mwanamke akamtazama kwa muda mrefu, kisha akamtazama muuza nyama, kisha akarudi kwake. Hakupandisha sauti. Alieleza kwamba siku ile alikuwa akitoka kazini, kwamba alikaa hospitali miezi mitano, na kwamba alipotoka alikuwa na chuma ndani. Alikuwa mwalimu wa chekechea. Watoto wa umri ule wanakaa chini, wanaanguka, wanataka kufungwa kamba za viatu. Mwalimu asiyeweza kuinama hana kazi kwao. Ndiyo maana siku hizi anauza sabuni.

"Mmekuja kumwombea," akasema. "Haya, mwombeeni, siwakatazi. Lakini miaka tisa, hata mtu mmoja wa kwenu hajawahi kuja kuuliza kama nilipona."

Fundi Viti alikuwa na maneno ya kumwambia Mwenyekiti, alikuwa na ya kuliambia kanisa zima, na kama Mungu mwenyewe angetokea pale kwenye changarawe alikuwa na ya kumwambia pia. Ya kumwambia mwanamke huyu hakuwa nayo. Kwa miaka yote hiyo aliwakasirikia wenzake kwa kumpita kaka yake, na kila safari, ndani ya kofia yake, alikuwa amekipita na kibanda hiki. Angeweza kusema kwamba walikuwa na msiba, kwamba hawakujua jina lake, kwamba mama alikuwa mgonjwa. Yote yalikuwa kweli.

"Hatukuuliza," akasema.

"Hamkuuliza."

"Nikuombee?"

"Sitaki sala," mwanamke akasema. "Sala nimeombewa nyingi, na watu waliokaa kwenye viti vizuri. Nataka pole."

Fundi Viti akavuka zile hatua thelathini. Akasimama mbele ya kibanda, mikono mitupu, kofia ameiacha kwenye changarawe.

"Pole," akasema. "Pole sana, mwalimu. Ni kaka yangu aliyekuumiza, alikuwa amelewa, na tulinyamaza."

Mwanamke akaitikia kwa kichwa mara moja. Hakusema ameshapoa na hakusema amesamehe. Akasema, "Sasa nimesikia," akaivaa miwani yake, akamuuzia mche wa sabuni dereva wa lori aliyekuwa amefika.

Ndipo Fundi Viti alipomwombea kaka yake, palepale mbele ya kibanda, kwa sauti, macho wazi, huku yule dereva akisikiliza na mche wake wa sabuni mkononi. Haikuwa sala ya kubembeleza. Alimwambia Bwana kwamba mtu huyu alikuwa wake na alikuwa mlevi, yote mawili, na kwamba yeye hataficha moja ili lingine lipokelewe. Alimwambia kwamba kaka yake alimvunja mwalimu nyonga. Alimwambia kama ana orodha yake ya vituo, na huyu hayumo, basi amweke, kwa sababu yeye dada yake hataacha kusimama. Muuza nyama akasema amina kwa sauti iliyowashtua kuku.

Wangeweza kuondoka hapo. Muuza nyama alikuwa tayari ameshika ufunguo. Lakini Fundi Viti alikuwa bado anatazama kile kiti cha plastiki, na akasema bila kumgeukia mtu kwamba kiti kile kinamuumiza mwalimu kila siku. Kwenye mkoba wa pikipiki yake alibeba vifaa vya kurekebisha viti vya wenzake njiani: sponji ngumu, kipande cha ngozi ya plastiki, uzi na kisu. Akaomba ruhusa ampime. Mwalimu akasita, kisha akakubali, akajiegemeza kwenye mlango wa kibanda wakati fundi akipima kwa shubiri.

Alikata mto ulioinuka upande mmoja na kushuka upande wa pili, akachimba mahali pa nyonga, akauvalisha, akashona akiwa amepiga magoti kwenye vumbi. Muuza nyama alishika sponji kama alivyoshika paja la ng'ombe. Ilichukua saa nzima. Simu yake ikalia mara nne, na mara zote nne alijibu kwamba wanamalizia. Mwalimu akakaa. Akajaribu kusogea, akasogea tena. Kwa mara ya kwanza tangu wafike, mguu wa kushoto ukakunjika.

"Upande huu ongeza kidogo," akasema.

Fundi Viti akaongeza kidogo.

Waliwakuta wenzao jioni kwenye malazi, jua bado lipo. Mwenyekiti alimsubiri uani. Alimwambia, kwa utulivu, kwamba amejitoa kwenye kikundi, kwamba kesho pikipiki yake itapakiwa na yeye atapanda gari la mizigo. Fundi Viti akamwambia kwamba kikundi kinaweza kuwa cha Mwenyekiti lakini barabara si yake, akaenda kunawa vumbi la magotini.

Kesho yake akafuata msafara kwa nyuma. Hapo ikazuka shida ambayo hakuna aliyeifikiria, maana hakuna anayeruhusiwa kubaki nyuma ya Mkia. Muuza nyama akapunguza mwendo ili ampishe. Naye akapunguza, maana hakutaka kuonekana amejipenyeza mstarini. Muuza nyama akapunguza tena. Wakafika mahali wanapitwa na baiskeli. Mbele, kila aliyegeuka kuangalia Mkia hakumwona, akapunguza, na wa mbele yake akapunguza, mpaka msafara mzima wa Sala ukawa unatambaa kwa mwendo wa ishirini na bendera ya Mwenyekiti haipepei. Mwishowe Mwenyekiti akasimama, akashuka, akatembea mpaka nyuma. Alimtazama Fundi Viti, akamtazama Mkia. Akamwonyesha kwa mkono aingie kwenye nafasi yake ya kawaida. Vituo vilivyobaki walivifanya hivyo, bila yeye na Mwenyekiti kusemezana.

Nyumbani, mama alimuuliza walisimama wangapi. Akamwambia wawili. Akamweleza yote, pamoja na ya mwalimu. Mama alisikiliza akiwa ameelekea dirishani. Alipomaliza, mama hakuuliza habari ya nguzo wala ya kitambaa. Aliuliza kama yule mwanamke ana watoto, na kama wanamsaidia. Fundi Viti akagundua kwamba hajui.

Wiki mbili baadaye ikaja barua. Alisimamishwa mwaka mmoja, na aliombwa arudishe kizibao. Alikwenda nacho dukani kwa Mwenyekiti alasiri ileile, ila amekivaa. Duka lilikuwa tupu, miwani imepangwa ukutani kama watu wengi wasio na nyuso. Akaiweka barua mezani.

"Kizibao nimekishona mwenyewe," akasema. "Msalaba huu nimeufumua mara mbili mpaka ukanyooka. Kwa kusimama nitasimamishwa, sawa. Kizibao hakitoki."

Alitegemea ugomvi na alikuwa ameuvalia. Lakini Mwenyekiti alivua miwani yake, akaiweka juu ya barua, na bila miwani alionekana mtu mwingine, mzee zaidi.

"Nilikuwa na funguo zake," akasema.

"Funguo za nani?"

"Za pacha wako. Kwenye ile harusi. Nilimnyang'anya nilipoona hali yake, nikazitia mfukoni. Akaja kuziomba, nikakataa. Akaja tena. Mara ya tatu alikuwa ananiaibisha mbele ya watu, nikachoka, nikampa." Akainyoosha miwani juu ya barua. "Kila mwaka nikifika kwenye ile kona natazama mshale wa kasi. Sitazami kingine."

Fundi Viti akaketi. Ikamjia hasira ya miaka tisa iliyokuwa ikitafuta pa kutua. Kama angekuwa mtu mwingine angemwambia mtu yule kwamba si kosa lake, na pengine lisingekuwa neno la uongo kabisa. Hakulisema.

"Basi ulipaswa kusimama pale kabla yangu," akasema.

"Najua."

"Na bado umeniandikia barua."

"Nimeiandika."

Akainuka. Akamwambia kwamba mwakani atasimama tena, akiwa na ruhusa au hana. Akamwambia pia kwamba kuna mwanamke pale, mwalimu, anauza sabuni, na kwamba Mwenyekiti atakwenda kumwona. Asiende na sala. Aende na pole, aitamke kwa mdomo wake, halafu asubiri aambiwe atakachoambiwa. Akatoka. Barua ikabaki chini ya miwani.

Mwaka uliofuata ratiba ilitoka na vituo kumi na viwili vilevile. Jina la Fundi Viti halikuwa kwenye orodha ya wasafiri, lakini alikuwepo asubuhi ya kuondoka, na kizibao mwilini, na hakuna aliyepata ujasiri wa kumuuliza. Kwenye kona ya mizani aliwasha taa ya kushoto. Mkia akawasha. Mbele yake, pikipiki moja ikawasha, na nyingine, mpaka zikafika saba. Bendera iliipinda kona ikaenda zake.

Mwalimu aliwatazama wakivua kofia, saba na yeye na Mkia, akasema hana sabuni ya kuwatosha wote hao. Alikuwa na miwani mipya. Fundi Viti aliisifia, na mwalimu akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza. Akaeleza kwamba mwezi uliopita alikuja mwanamume mmoja peke yake, wa kola iliyonyooka, akasimama pale alipo Fundi Viti, akasema pole. Halafu hakujua aondokeje. Akaanza kumpima macho.

"Nikamwambia macho hayana shida, baba, shida ni nyonga," mwalimu akasema. "Akanipima hivyohivyo. Kumbe yana shida."

Wakaomba. Safari hii mwalimu aliinamisha kichwa, au pengine alikuwa anatafuta chenji kwenye mkebe. Fundi Viti hakuwa na hakika na hakutaka kuuliza. Walipovaa kofia, muuza nyama alitazama barabara iliyonyooka mbele, tupu, akasema wenzao wamekwisha fika mbali, huenda safari hii wasiwasubiri.

"Wasipotusubiri," Fundi Viti akasema, akiwasha pikipiki, "njia naijua."